Kadi ya Michoro: Inunuliwe Sasa au Isubiriwe?

MSANIFU: Kadi ya michoro, yaani kifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kikokotoe picha badala ya prosesa kuu kubebeshwa mzigo wote, imekwisha kuwa chombo cha kazi katika ofisi za usanifu majengo, kwa kuwa mteja wa Nairobi au Dar es Salaam haridhiki tena na ramani ya mistari bali hutaka kuiona sebule yake ikiwa imepigwa na jua la saa kumi jioni kabla hata msingi haujachimbwa. Kazi ya kugeuza mchoro wa pande tatu kuwa picha ya aina hiyo huitwa kurenda, na ndiyo inayokula muda kuliko zote. Video ya sekunde 30 yenye picha 25 kwa kila sekunde ina picha 750. Ikiwa kila moja huchukua dakika sita, kompyuta itafanya kazi saa 75 bila kupumzika, ilhali kadi yenye kasi maradufu ingemaliza kwa saa 37 na nusu. Ofisi ambayo bado inategemea GeForce GTX 1060, kadi iliyotoka mwaka 2016 ikiwa na gigabaiti sita tu za kumbukumbu, hulipa tofauti hiyo katika kila mradi, na kila mwezi wa kungoja bei ishuke ni mwezi mwingine wa kuilipa.

MHASIBU: Hesabu hiyo haina kosa, ila imechukulia kwamba kila saa inayookolewa ina mnunuzi. Kompyuta hurenda usiku, ofisi ikiwa imefungwa na wafanyakazi wamelala, na saa zinazookolewa kati ya usiku wa manane na alfajiri haziingii katika ankara ya mteja yeyote. Kinachoweza kuthibitishwa kwa tarakimu ni hasara ya aliyeharakisha. Mnamo Novemba 2022 NVIDIA, kampuni inayotengeneza kadi hizi, ilitoa RTX 4080 kwa dola 1,199, na Januari 2024 ikatoa RTX 4080 Super, yenye kasi kidogo zaidi, kwa dola 999, hivi kwamba mtu aliyelipa bei ya awali mwishoni mwa 2023 alitupa dola 200 kwa kukosa subira ya wiki chache. Kwa mnunuzi wa Kenya subira ilikuwa na faida nyingine, kwani mwezi huohuo wa Januari dola moja ilikuwa imefikia takriban shilingi 160, na kufikia Agosti ilikuwa imerudi karibu na 129. Kadi ya dola 599 iliyogharimu shilingi 95,840 kwa kiwango cha kwanza iligharimu shilingi 77,271 kwa kiwango cha pili, bila mtengenezaji kupunguza hata senti.

MSANIFU: Mfano wa sarafu umekatwa pale unapomfaa Mhasibu. Mwanzoni mwa 2021 dola ilikuwa karibu shilingi 110, na aliyeanza kungoja wakati huo aliitazama ikipanda mwaka hadi mwaka hadi kufikia hiyo 160, kwa hiyo kiwango cha ubadilishaji hakimpendelei mwenye subira wala mwenye haraka. Mfano wa 4080 Super nao una upande wa pili usiotajwa. Mtu aliyeikataa Januari 2024 akisema kizazi kipya kinakuja, alikipata mwaka mmoja baadaye katika RTX 5080, iliyouzwa kwa dola zilezile 999, ikiwa na gigabaiti zilezile 16 za kumbukumbu na ongezeko dogo la kasi, tena madukani haikuonekana kwa wiki nyingi isipokuwa kwa bei iliyopita ile iliyotangazwa. Mwaka mzima wa kazi ulikwenda kwa ajili ya ongezeko hilo.

FUNDI: Hapo pana neno linalopaswa kufafanuliwa kabla pande hizi mbili hazijaendelea kurushiana bei. Dola 999 na 1,199 ni bei elekezi, yaani bei anayoitangaza mtengenezaji siku ya uzinduzi na ambayo duka halifungwi nayo, na historia ya kadi hizi tangu 2020 ni historia ya umbali kati ya bei hiyo na ile inayolipwa dukani. RTX 3080 ilitangazwa Septemba 2020 kwa dola 699. Ikanunuliwa ndani ya dakika chache na walanguzi waliotumia programu zinazobofya haraka kuliko kidole cha binadamu, kisha wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum, waliotumia kadi kukokotoa mafumbo yaliyolipwa kwa sarafu hiyo, wakaifanya iuzwe kwa zaidi ya maradufu. Uchimbaji huo ulikoma tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum ilipobadili mfumo wake na kuacha kuhitaji kadi, na kufikia wakati huo kadi zilezile zilikuwa zimekwisha kushuka chini ya bei elekezi katika soko la mitumba. Aliyengoja mwaka 2021 alikuwa sahihi, lakini alichokingoja, kwa kujua au kwa kutojua, ni kuondoka kwa mnunuzi mwingine aliyekuwa mbele yake kwenye foleni. Kwa hiyo la kuulizwa leo ni nani yuko mbele kwenye foleni, na kama ana dalili ya kuondoka.

MHASIBU: Ameondoka mara mbili tayari. Wimbi la kwanza la uchimbaji lilipanda mwishoni mwa 2017 na kuporomoka mwaka 2018, likaacha maghala yamejaa. La pili likaporomoka 2022. Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani iliitoza NVIDIA faini ya dola milioni 5.5 Mei 2022 kwa kutowaeleza wawekezaji ipasavyo kwamba uchimbaji ulikuwa sehemu kubwa ya ukuaji wa mauzo yaliyoandikwa kuwa ya michezo ya kompyuta, jambo linaloonyesha kwamba hata vitabu vya kampuni yenyewe havikumtenga bayana mnunuzi wa kudumu na mpita njia. Leo mpita njia ni akili mnemba. Fedha zinazomwagwa katika vituo vya data, yale majengo yenye maelfu ya kompyuta zinazofunzwa kujibu maswali na kutunga picha, zina sura ileile ya homa, na mwenye busara hanunui mwavuli katikati ya mvua ya masika.

MSANIFU: Tofauti kati ya homa hizo ndiyo kiini cha shauri hili, na Mhasibu ameiruka. Mchimbaji wa Ethereum alinunua kadi ileile anayoitaka msanifu, na alipofilisika aliirudisha sokoni. Mwenye kituo cha data hanunui kadi hiyo. Ananunua nafasi katika kiwanda kinachoitengeneza na kumbukumbu zinazopaswa kuwekwa juu yake. Vifaa vyake havina hata tundu la kuchomeka skrini, vingi hupozwa kwa mitambo ya jengo zima, na siku atakapovitupa hakuna ofisi ya Westlands, Nairobi, itakayoweza kuviweka chini ya meza. Tarakimu za NVIDIA zinaeleza mengine: katika mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2022 michezo ya kompyuta iliingiza takriban dola bilioni 12.5 na vituo vya data bilioni 10.6, ilhali katika mwaka ulioishia Januari 2025 michezo iliingiza takriban bilioni 11.4 na vituo vya data vikapita bilioni 115. Kampuni ambayo mteja wake wa zamani amebaki sehemu ya kumi ya mauzo, au pungufu, haina sababu ya kumshushia bei ili asikimbie.

FUNDI: Na upande wa kumbukumbu mambo ni makavu zaidi. Kampuni tatu, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini pamoja na Micron ya Marekani, ndizo zinazotengeneza karibu chipu zote za kumbukumbu duniani, na zote zimeelekeza mitambo yao kwenye kumbukumbu za vituo vya data, ambazo hulipa zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake iliyowauzia watu wa kawaida kumbukumbu na diski, baada ya bei za kumbukumbu kupanda kwa kasi katika miezi ya mwisho ya mwaka huo. Kadi ya michoro hubeba kumbukumbu zake yenyewe, zilizolehemewa kando ya chipu kuu, kwa hiyo haiwezi kukwepa msukosuko huo.

MHASIBU: Biashara ya kumbukumbu haijawahi kukaa kileleni. Bei zilikuwa juu 2018, zikaanguka 2019. Zikapanda wakati wa janga la korona, na kufikia 2023 watengenezaji haohao watatu walikuwa wakiandika hasara ya mabilioni kwa sababu ya kuzalisha kupita mahitaji. Kweli, mtambo wa kituo cha data hautaingia chini ya meza ya msanifu, lakini kiwanda kilichoutengenezea kumbukumbu kitabaki palepale kikitafuta cha kuuza, na kitarudi kumbembeleza mnunuzi mdogo kama kilivyowahi kufanya. Anayenunua sasa ananunua kwenye kilele.

MSANIFU: Kilele hujulikana baada ya kushuka, na mteja hawezi kuambiwa kwamba jengo lake litaonekana vizuri soko la chipu la Korea likitulia. Zaidi ya hayo, kungoja hakujaleta kadi bora katika daraja ambalo watu wengi hulimudu. RTX 3060 ya 2021 ilikuwa na gigabaiti 12 za kumbukumbu kwa dola 329. RTX 4060 ya 2023 ikaja na nane kwa dola 299, na RTX 5060 ya 2025 ikaja tena na nane kwa bei hiyohiyo. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayohifadhi miti, samani, vioo na nguo za madirisha katika mandhari inayorendwa, na mandhari ikizidi nafasi iliyopo, programu huanza kuazima kumbukumbu kuu ya kompyuta na kuzorota vibaya, au husimama kabisa na kukataa. Aliyengoja miaka minne katika daraja hili alipata chipu yenye kasi zaidi iliyofungwa katika chumba kidogo zaidi. Leo anayetaka gigabaiti 16 bila kuuza gari anaangalia toleo kubwa la RTX 5060 Ti, lililotangazwa Aprili 2025 kwa dola 429, yaani dola 50 juu ya toleo la gigabaiti nane, na toleo hilo ndilo litakaloadimika kwanza kumbukumbu zikiwa ghali.

MHASIBU: Dola 429 hazifiki Nairobi zikiwa 429. Kwa shilingi 129 ni shilingi 55,341. Ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 inakuwa takriban 64,200, na hapo nauli ya ndege, ada za uingizaji na faida ya mwenye duka havijahesabiwa. Kadi nyingi hupitia Dubai, na dhamana ya mtengenezaji mara nyingi hudaiwa mahali kifaa kiliponunuliwa, kwa hiyo ikifa mwezi wa tano mwenye ofisi atalipa nauli mbili na kungoja kulekule alikokukimbia. Nchini Kenya robo ya gharama ya kompyuta na vifaa vyake huondolewa kila mwaka katika mapato yanayotozwa kodi, maana yake ni kwamba hata nafuu ya kodi inayotarajiwa hukamilika baada ya miaka minne. Kadi haiwezi kuingizwa vitabuni kama shauku.

FUNDI: Pande zote mbili zinazungumzia kadi kana kwamba inaelea hewani. Kompyuta iliyobeba GTX 1060 tangu 2016 ina kigeuza umeme cha zamani, yaani lile kasha linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vya ndani, na huenda kasha hilo haliwezi kubeba kadi mpya. RTX 5060 Ti hutumia takriban wati 180, jambo ambalo kasha zuri la kawaida hulimudu. RTX 5070 hutumia 250 na mtengenezaji hushauri kasha la wati 650. RTX 5090 hutumia 575 na kushauriwa kasha la wati 1,000, na mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, betri ya dharura inayoweza kuistahimili ni gharama nyingine inayokaribia kompyuta nzima. Mara kadhaa ofisi hununua kadi ikagundua kwamba kilichokuwa kikiichelewesha ni kumbukumbu kuu ya gigabaiti nane au diski ya sumaku inayozunguka, vitu ambavyo vingebadilishwa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Kabla ya kuuliza lini, fundi huuliza nini kinachokwama, na jibu hupatikana kwa kuitazama kompyuta wakati inarenda, jambo lisilogharimu chochote ila nusu saa.

MSANIFU: Ushauri huo unakubalika, na ukifuatwa katika ofisi inayozungumziwa utaonyesha kumbukumbu ya kadi imejaa pomoni. Ukiacha hilo, NVIDIA ilisitisha Oktoba 2025 programu endeshi za kawaida kwa kizazi cha GTX 1060, yaani zile programu zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi, na kubakiza masahihisho ya usalama pekee. Kadi hiyo haitakufa kesho, ila kila toleo jipya la programu za usanifu litaisogeza hatua moja karibu na mlango.

MHASIBU: Ikiwa ni lazima kutoka kwenye kadi hiyo, basi ipo njia ya kati: mtumba. RTX 3060 yenye gigabaiti 12 iliyotumika hugharimu kiasi kidogo, hurenda vizuri, na humpa mnunuzi muda wa kungoja bila kukaa bure.

FUNDI: Njia hiyo inapita katika mitambo ya wachimbaji, na watu huiogopa kuliko inavyostahili. Kadi iliyochimba sarafu usiku na mchana kwa joto lisilobadilika ni kama injini ya basi la masafa marefu, ambayo mara nyingi huwa na afya kuliko ya daladala inayowashwa na kuzimwa siku nzima, kwa sababu kinachochosha malehemu ni kupata joto na kupoa mara kwa mara. Hata hivyo feni zake huwa zimezunguka miaka bila likizo, na vipande laini vinavyopitisha joto kutoka kwenye chipu za kumbukumbu huwa vimekauka. Katika RTX 3080 na 3090, kumbukumbu zake za aina ya GDDR6X zilijulikana kufikia nyuzi 100 na zaidi chini ya mzigo wa uchimbaji. Anayenunua huko na aikague kadi ikiwa inafanya kazi, dakika 30 zisizopungua, huku akisoma joto la kumbukumbu na si la chipu peke yake, na muuzaji anayekataa kuiwasha ameshajibu. Kuhusu kadi za washindani wa NVIDIA, AMD na Intel, ambazo huuzwa nafuu kwa kumbukumbu nyingi, kama Intel Arc B580 ya Desemba 2024 iliyotangazwa kwa dola 249 na gigabaiti 12, programu ya Blender huzikubali, lakini programu nyingi za kurenda zilijengwa juu ya CUDA, mfumo wa NVIDIA unaofanya kazi kwenye kadi zake tu, kwa hiyo msanifu anapaswa kusoma masharti ya programu yake kabla ya kufurahia bei.

MCHEZAJI: Mjadala wote umeendeshwa kana kwamba kadi hizi zilibuniwa kwa ajili ya ankara, ilhali aliyezilipia kwa zaidi ya miaka 20 ni mtu anayecheza mchezo baada ya kazi. Mtu huyo ndiye pekee mwenye uhuru wa kweli wa kungoja, kwa kuwa mchezo ukiwa mzito hupunguza ubora wa vivuli na kuendelea kucheza. GTX 1080 Ti ya Machi 2017, iliyouzwa kwa dola 699 ikiwa na gigabaiti 11, iliwatosheleza wenyewe kwa miaka mingi kwa njia hiyo. Zaidi ya hayo, mwenye kadi yoyote ya jina la RTX hupata maboresho bila kulipa: Januari 2025 NVIDIA ilipozindua toleo la nne la DLSS, mbinu ya kukokotoa picha ndogo kisha kuikuza kwa akili mnemba hadi ijae skrini, sehemu yake ya kukuza picha iliyoboreshwa ilifika hata kwenye kadi za 2018. Wachezaji wangengoja pamoja mwaka mmoja, bei zingejirekebisha.

MSANIFU: Wachezaji wakingoja pamoja, kiwanda kitahamishia nafasi yao kwa kituo cha data na hakitaona pengo, tarakimu zilizotajwa zinatosha kuonyesha hivyo. Na maboresho ya bure yana mpaka. Katika uzinduzi huohuo ilidaiwa kwamba RTX 5070 ya dola 549 ingetoa utendaji wa RTX 4090 iliyotoka kwa dola 1,599, na dai hilo lilisimama juu ya picha ambazo kadi huzibuni na kuzipachika kati ya picha zilizokokotolewa kikweli. Mchezaji anaweza kufurahia ulaini wa mwendo. Msanifu hawezi kumkabidhi mteja picha ya nguzo iliyobuniwa na kadi.

MCHEZAJI: Hilo ni sawa, na linamaanisha kwamba mwenye haja ya nguvu halisi ndiye atakayelipa zaidi daima. Wahenga waliacha methali za kutosha kwa kila upande wa shauri hili, kwa hiyo hazitasaidia. Kitakachosaidia ni kila mmoja kusema kazi gani inalala kwa kukosa kadi. Mchezaji hana kazi inayolala.

MHASIBU: Kwa kigezo hicho msimamo wa kungoja unaweza kulegezwa kwa sharti moja. Kadi yenye gigabaiti 16 inunuliwe siku ambayo kuna mkataba uliosainiwa wa kazi isiyowezekana kwa kadi iliyopo, na malipo ya awali ya mteja huyo ndiyo yailipie, ili hatari ya bei kushuka mwezi unaofuata ibebwe na mradi badala ya akiba ya ofisi.

MSANIFU: Mteja hutoa malipo ya awali baada ya kuiona video ya jengo.

MHASIBU: Video hiyo irendwe kwa kadi iliyopo, usiku, kwa saa hizo 75.

MSANIFU: Ingerendwa, kama mteja asingeomba Alhamisi jioni rangi ya paa ibadilishwe kabla ya kikao cha Ijumaa.